Dresingi tebo za mabibi zinavyotesa Mji Mkongwe

KAMA unadhani dresingi tebo ni lile likioo refu lililogundishwa kwenye mbao za maranda, lenye stika ya ua la waridi na droo zinazobaki mkononi ukizivuta mara ya tatu, basi mpenzi msomaji hujaiona dresingi tebo. Panda boti. Kutoka Dar hadi Unguja ni kama saa mbili tu, na ukishashuka bandarini Malindi hata teksi huihitaji. Ingia uchochoroni, fuata pua yako, potea kidogo (kila mtu hupotea Mji Mkongwe, hata wenyeji wa Ng'ambo), mwisho utatokezea Gizenga, mtaa wenye maduka ya makasha, saa za ukutani na fanicha za enzi hizo.

Mimi sikwenda kushangaa. Mdogo wangu anaolewa, na alipoulizwa vyombo vya ndani alisema kitanda tumnunulie chochote, sofa chochote, ila dresingi tebo anataka ya kizamani, ya mbao ya kweli na kioo cha kuzungusha. Mama akanikabidhi laki sita na onyo kwamba isizidi hata mia. Harusi ikiwa imebaki wiki tano! Sasa hapo ndipo utajua kwa nini nilivuka bahari na kuiacha Keko na mafundi wake wote.

Duka la kwanza, muuzaji ananiambia, "Hii ya Mwingereza, sista, ina miaka mia mbili." Bei? Milioni moja na nusu. Nikainama nikaangalia mgongoni. Skrubu zote za nyota! Sasa skrubu za nyota zilianza kuenea huko Marekani miaka ya 1930. Meza ya miaka mia mbili ilizipata wapi, labda zilitumwa kwa ndoto? Nikamwambia ahsante kaka, nikasonga mbele.

Na hapa nikupe siri za kutambua kitu cha kale, maana mjini hapa ukizubaa unauziwa mbuzi kwenye gunia. Vuta droo, itoe kabisa, tazama pembeni pale mbao mbili zinapokutana. Ya zamani imekatwa meno yaliyoumana kama vidole vya mikono miwili, na kama yalikatwa kwa mkono hayalingani sawasawa. Yakilingana yote kama ya kitana, ujue mashine hiyo. Chini ya droo, mahali ambapo hakuna anayetazama, mbao huachwa bila rangi wala vanishi na huwa imegeuka nyeusi kwa umri. Ukiona vitundu vidogo vinavyotoa unga, kimbia, bungua wamo ndani wanakula.

Asili ya mambo haya ni Ulaya, tuseme ukweli. Neno la Kifaransa "toilette", ambalo siku hizi linatupeleka chooni, lilitokana na kitambaa kilichotandikwa juu ya meza ya kujipambia. Kuanzia hapo meza yenyewe ikapata heshima. Katika karne ya 18 mabibi wakubwa wa Ufaransa walikuwa wanapokea wageni huku wakipakwa poda na kusukwa nywele, yaani saluni na baraza mahali pamoja! Madame de Pompadour, kipenzi cha Mfalme Louis wa 15, alitengenezewa na fundi Jean-François Oeben meza ya ajabu: ukivuta droo kuja mbele, uso wa meza unarudi nyuma wenyewe, na meza inakuwa kubwa karibu mara mbili. Ilitengenezwa miaka ya mwanzo ya 1760, yeye akafariki 1764, na leo iko makumbusho ya Metropolitan, New York. Kule Uingereza Thomas Chippendale alichapisha kitabu cha michoro ya fanicha mwaka 1754, na mafundi wakainakili kote ilikofika.

Lakini bei kubwa ilikuwa kioo, siyo mbao. Mabingwa wa vioo walikuwa Wataliano wa kisiwa cha Murano, Venice, mpaka Wafaransa walipofungua kiwanda chao mwaka 1665 na kuwarubuni baadhi ya mafundi hao. Mgongo wa kioo ulipakwa bati na zebaki, na zebaki iliwamaliza waliokuwa wakiishika. Mwaka 1835 mkemia wa Kijerumani, Justus von Liebig, akaonyesha njia ya kupaka fedha badala yake, na vioo vikaanza kushuka bei. Ndiyo maana kioo cha bibi yako kina madoa meusi pembeni: ile fedha ya nyuma imeliwa na unyevu.

Halafu ikaja sinema. Baada ya maonyesho makubwa ya Paris ya 1925, mtindo wa duara na mistari iliyonyooka ukaingia vyumbani: kioo cha mviringo katikati, droo fupi kushoto na kulia, kistuli chini. Mwaka 1933 Jean Harlow alionekana katika filamu ya "Dinner at Eight" ndani ya chumba cheupe tupu, na kina dada wa dunia nzima wakataka na wao.

Unguja haikusubiri sinema. Seyyida Salme, binti wa Sultani Said aliyetorokea Ujerumani, aliandika kwenye kumbukumbu zake za mwaka 1886 kuhusu vioo vikubwa kutoka Ulaya vilivyopamba vyumba vya kwao. Fanicha zilishuka pia kwa majahazi na meli kutoka Bombay, na mafundi wa Kihindi hapo hapo mjini walitengeneza za kwao kwa msaji. Kichekesho ni kwamba pale Kasri ya Forodhani, iliyofanywa makumbusho mwaka 1994, kati ya vitu vya masultani wa mwisho lilikuwamo kabati la fomaika! Kumbe hata wenye enzi walikuwa wanakwenda na wakati.

Nimezunguka mpaka adhuhuri bila kitu cha laki sita. Ndipo kijana mmoja wa dukani akaninong'oneza: kuna bi mkubwa Kiponda anauza yake. Tukapanda ngazi nyembamba, giza, mpaka ghorofa ya pili. Nikaiona imesimama pembeni ya samadari. Msaji, droo tano, kioo cha yai kwenye mikono miwili ya kuchonga. Nikafungua droo ya juu, harufu ya liwa na asumini ikanipiga usoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Weye unaitaka ya nini?"

Nikamweleza habari za harusi. Akanyamaza. Mjukuu wake wa kike akadakia kwamba kuna mwenye duka ameshafika laki nane, ataipaka rangi nyeupe, aweke kioo kipya, auze hotelini. Moyo ukanishuka hadi kwenye kandambili. Laki nane mimi nitoe wapi?

Bibi akasema, "Rangi nyeupe? Meza yangu mie ivae sanda?" Kisha akaniuliza mdogo wangu ana umri gani, anaolewa wapi, mume anafanya kazi gani. Maswali kama ya kadhi! Mwisho akatamka: "Laki sita. Lakini kioo usikibadili. Miye nimeingia nyumba hii na miaka kumi na saba, kioo hicho ndicho kilichoniona."

Nikakubali pale pale, mjukuu akasonya na kutoka nje.

Sasa kuishusha! Kwenye ngazi haipiti hata kwa dua. Akaitwa fundi, akaifungua vipande saba, tena kwa bisibisi bapa, maana humo skrubu ya nyota hata moja hakuna. Hamali akapakia mbao kwenye mkokoteni, nami nikaomba bibi aniandikie karatasi ya mauziano, kwa sababu bandarini utaulizwa umeitoa wapi. Hamali, fundi na mzigo wa boti vilitoka mfukoni mwangu, kwa hiyo na wewe usivuke na hela ya meza peke yake. Kioo nilikifunga kwa khanga mbili nikakipakata mwenyewe njia nzima.

Fundi wa Keko ameshaiunga, iko sebuleni kwetu inasubiri siku. Mama ameinama mbele yake mara mbili, akagusa yale madoa meusi, akauliza kioo kipya ni shilingi ngapi. Nimemwambia nilichoahidi. Ananuna mpaka leo.