Kwa Mpwa Wangu Aliyeko Hamburg

Magomeni, Dar es Salaam

Mpwa wangu mpendwa,

Bibi yako goti linamsumbua kwa kipupwe hiki, anaswali ameketi, ila maneno hayajampungua.

Picha zako nimeziona zote: wewe na Elbphilharmonie, wewe na meli za Landungsbrücken, wewe na koti ambalo si lako (usibishe, mikono yake imekumeza vidole). Zinapendeza. Lakini mimi nimekula mkate wa studio Kariakoo, na najua picha ya kutumwa nyumbani inavyopikwa. Tulikuwa na pazia lililochorwa ndege na suti moja ya kuazimisha. Kijana aliyeshuka jana kutoka Singida alitoka kwetu bwana mkubwa. Sikuwalaumu vijana hao, walikuwa wateja. Ila leo watoto wao wanazishika zile picha na hawajui baba alilala wapi, alikula nini, wala alifanya kazi gani.

Basi wewe piga maisha unayoishi. Chumba chako kabla hujatandika. Viatu vya kazi mlangoni. Kituo cha basi Desemba, saa kumi jioni, jua linazama na watu wamejikunyata. Feri namba 62 ya Finkenwerder, ambayo tiketi ya basi inatosha kuipanda, ukiwa na wenzako mmechoka baada ya zamu. Na siku ukipata nafasi ya kuingia, maana huwa pamefungwa, nenda kwenye bustani iliyoko Jenfeld ukapige zile sanamu za ukutani za askari na wapagazi wetu wa enzi za ukoloni wa Mjerumani, zilizozinduliwa kwanza mwaka 1939. Zipige kwa karibu, nyuso zionekane. Wageni wengi wa mji huo hawapajui.

Wazee unaowaogesha kazini, hapana. Hata mmoja wao akikuzoea na kukuita mwanangu, simu ibaki kwenye kabati. Wajerumani wana sheria ya mwaka 1907 kuhusu kutangaza sura ya mtu bila ridhaa yake, na chanzo chake ni aibu ya huko huko karibu na unakoishi: Bismarck alipofariki Friedrichsruh mwaka 1898, wapiga picha wawili walijipenyeza usiku wakaipiga maiti yake kitandani. Siku hizi hata kuipiga tu picha inayomwonyesha mtu akiwa hajiwezi kunaweza kukufikisha mahakamani. Na hata pasingekuwa na sheria, ungependa bibi yako apigwe akivalishwa?

Jambo la mwisho ni la fundi. Studio tuliandika nyuma ya picha kwa penseli: nani, wapi, lini. Wewe ukirusha kwenye status, baada ya saa 24 haipo. Ukiituma WhatsApp kama picha ya kawaida, ubora wake unapungua. Weka nakala halisi kwenye diski ya pembeni, uandike majina ya watu. Simu huibiwa hata Ulaya.

Mama yako hana haja na meli. Anauliza jiko lako ni la namna gani na unga wa ugali unaupata wapi. Mpigie picha hizo mbili, umtumie kabla ya Jumapili.

Ni mimi mjomba wako.