Folda Hewa

Mwaka 2016 Watanzania tulijifunza kulitumia neno "hewa" kwa namna mpya. Uhakiki wa orodha za mishahara ulipoanza, tukawa tunasikia kila siku habari za watumishi hewa: jina lipo, namba ya cheki ipo, mshahara unatoka kila mwezi, lakini ukienda kwenye kituo cha kazi humkuti mtu. Baadaye tukasikia wanafunzi hewa, kaya hewa na miradi hewa. Leo naomba kuongeza kitu kingine katika orodha hiyo, nacho ni folda hewa. Wasomaji waliozoea kunikuta nikijadili bajeti na Katiba wanivumilie kidogo. Jambo ninalolieleza lilikaribia kumharibia binti mmoja jina, tena kwa kosa ambalo halikutendwa na mtu yeyote chumbani mle.

Nianze na maelezo ya kitaalamu, maana bila hayo kisa hakieleweki. Katika mfumo endeshi wa Linux hakuna diski inayoitwa C wala D. Kila kitu kimo katika mti mmoja wa folda. Ukitaka kuifikia diski iliyo katika seva, mbali na kompyuta yako, unachagua folda moja ya kwako, kwa kawaida ikiwa tupu, kisha unaiamuru kompyuta iiunganishe folda hiyo na hifadhi ya seva. Kitendo hicho nitakiita kupachika. Folda ikishapachikwa inakuwa mlango: ukiifungua unaona vilivyomo katika seva, na ukiweka kitu, kinakwenda kukaa huko.

Matatizo huzaliwa pale upachikaji unaposhindikana. Mlango hauondoki. Folda inabaki palepale, kwa jina lilelile, na kama ruhusa zake zimeachwa wazi itapokea kila utakachoweka bila kulalamika. Unachoweka kinabaki katika diski ya kompyuta yako mwenyewe. Kisha siku upachikaji utakapofanikiwa, vitu vya seva vitakuja kuvifunika vile ulivyoweka. Havikufutwa, vimo chini ya mlango, lakini hakuna anayeviona. Watumishi wenzangu wa serikali watanielewa nikisema ni sawa na mtu aliyepeleka jalada masijala, likapokelewa dirishani kwa heshima zote, kumbe dirisha lile ni la stoo ya jirani.

Kisa chenyewe kilitokea katika idara ya chuo kimoja hapa Dodoma, ambako nimeshiriki kukusanya simulizi za wazee wa Kigogo kuhusu Mtunya, ile njaa kubwa iliyoikumba nyanda hii ya kati kuanzia mwaka 1917 hadi takriban 1920, baada ya majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza kuchukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, na mvua nazo zikagoma. Mathias Mnyampala alichapisha historia ya Wagogo kwa Kiswahili mwaka 1954, na tunamshukuru. Hata hivyo mengi bado yamo vinywani mwa watu. Walioiona njaa ile kwa macho wamekwisha. Waliopo ni watoto na wajukuu wao, nao ni wazee sana. Kati ya wazee waliorekodiwa katika majuma matatu ninayoyazungumzia, mmoja alifariki kabla hatujarudi kumsikilizisha sauti yake. Kwa hiyo rekodi zilipopotea, hatukuwa tumepoteza kazi inayoweza kurudiwa.

Msaidizi wa utafiti, binti aliyehitimu shahada ya kwanza na ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaanza kazi, alirudi kutoka vijiji vya Bahi, Kongwa na Mpwapwa na rekodi 41. Kila jioni aliyorudi mjini alizihamishia katika folda ya pamoja kama alivyoelekezwa, kisha akaifuta kadi ya kinasa sauti ili kesho yake ipate nafasi. Juma la nne, asubuhi moja, akaifungua folda ile akakuta rekodi za watu wengine zimejaa, lakini zake hata moja haimo.

Ofisi zetu zina kasi ya ajabu katika jambo moja: kutafuta wa kumwandikia barua ya kujieleza. Kabla ya saa sita mchana kulikuwa na maelezo mawili yanayozunguka koridoni. La kwanza, kwamba binti hakwenda vijijini, alikula posho. La pili, kwamba alikwenda, lakini ameziuza rekodi. Rasimu ya barua niliiona kwa macho yangu. Niliomba siku moja.

"Mwalimu, mimi sikufuta kitu," aliniambia, hata kabla sijaketi.

"Hilo tuliache kwanza, mwanangu. Nataka kujua kompyuta iliweka wapi."

Amri ya kwanza ilikuwa "findmnt", inayoonyesha nini kimepachikwa wapi. Ilijibu kwamba folda imepachikwa vizuri kwenye seva. Kwa wengi uchunguzi ungeishia hapo, na barua ingesainiwa. Lakini jibu lile lilihusu asubuhi ile tu. Halikusema chochote kuhusu majuma matatu yaliyopita. Nikatazama tarehe za mafaili yaliyomo katika seva: kutoka kompyuta ya binti yule hapakuwa na faili lolote la kipindi chote hicho, wala alama kwamba liliwahi kuwapo likafutwa.

Kidokezo kilitoka mahali pengine. Amri "df" hueleza ni kiasi gani cha diski kimetumika, nayo "du" hupita folda kwa folda ikijumlisha ukubwa wa mafaili inayoyaona. Kwa kawaida hesabu hizo mbili hukaribiana. Katika kompyuta ile zilipishana kwa zaidi ya gigabaiti 25. Saa moja ya sauti isiyobanwa huchukua takriban megabaiti 600. Piga hesabu ya rekodi 41 za kama saa moja moja, utaona kwa nini nilianza kutabasamu. Diski ilikuwa imebeba mzigo usioonekana, na mzigo huo ulilingana na wazee wetu.

Kuchungulia chini ya mlango kuna njia mbili. Unaweza kuubandua mlango kwa amri "umount", ambayo hukataa ikiwa kuna mtu bado anaitumia folda. Au unaweza kuutazama mti uleule kutoka upande wa pili bila kumsumbua mtu: unatengeneza folda nyingine tupu, tuseme "/mnt/chini", kisha unaandika "mount --bind / /mnt/chini". Mti wa diski ya ndani unajitokeza hapo bila vifuniko vyake. Nilifuata njia ya pili. Rekodi zote 41 zilikuwapo, zimepangwa kwa tarehe, kila moja na jina la kijiji.

Kumbukumbu za kompyuta yenyewe, zinazosomwa kwa "journalctl", zilimalizia hadithi. Majuma manne nyuma umeme ulikatika jijini. Uliporudi, kompyuta ile iliwaka kwa sekunde chache na kuiita seva, ambayo ilikuwa bado inakagua diski zake. Haikujibiwa, ikaacha. Katika faili la mipangilio, "/etc/fstab", paliandikwa neno "nofail", maana yake: ukishindwa kupachika, endelea kuwaka tu. Neno hilo ni zuri, kwani bila hilo kompyuta ingekwama njiani na mtumishi angekaa akiangalia kioo cheusi. Lakini mtu mwingine, miaka ya nyuma, alikuwa ameifungulia folda ile ruhusa ya kuandikwa na kila mtu. Mambo mawili ya nia njema yakakutana. Baada ya hapo kompyuta haikuzimwa, ililazwa tu kila jioni, kwa hiyo haikupata nafasi ya kujaribu tena. Na idara ilipoinunulia seva betri ya dharura, umeme ulipokatika mara ya pili seva haikuzimika. Kompyuta ikawaka, ikaita, ikajibiwa papo hapo, na mlango ukazifunika rekodi za majuma matatu. Ukarabati ndio ulioleta msiba.

Tiba yake ni fupi. Folda ya kupachikia, ikiwa bado tupu na haijapachikwa, hufungwa kwa "chattr +i" ili isiweze kuandikwa. Seva isipopatikana, mtumiaji anayejaribu kuhifadhi anakataliwa hapohapo, naye anajua. Kisha katika "fstab" huongezwa "_netdev", ili mfumo ujue kwamba hifadhi hii hutegemea mtandao, na "x-systemd.automount", ili upachikaji ujaribiwe kila mtu anapoigusa folda badala ya mara moja tu wakati wa kuwaka. Mimi napendelea folda inayokataa waziwazi kuliko inayokubali kwa unyenyekevu na kuweka vitu pasipojulikana. Nadhani wananchi wengi waliowahi kukabidhi maombi yao katika ofisi fulani, wakaambiwa "yamepokelewa", watakubaliana nami.

Tatizo la pili lilijitokeza tulipozihamishia rekodi kwenye seva. Mwenzangu wa chumba cha pili alizifungua akaambiwa hana ruhusa, ingawa jina lake limo kwenye orodha. Hapa tena tumerudi kwenye namba ya cheki. Itifaki ya NFS, iliyobuniwa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1984, kwa mpangilio wake wa kawaida haimtambui mtu kwa jina. Inatambua namba, na inaamini namba yoyote ambayo kompyuta imeitaja. Binti alikuwa 1001 katika kompyuta yake. Katika kompyuta ya jirani, 1001 alikuwa mtu mwingine kabisa. Mfumo huo ulifaa kwa watu wa jengo moja wanaoaminiana. Leo yeyote mwenye mamlaka juu ya kompyuta moja anaweza kujiita namba aitakayo, isipokuwa kama utambulisho unathibitishwa kwa njia madhubuti zaidi kama Kerberos. Tulianza kwa kuoanisha namba za watu wote. Hilo lilichukua alasiri nzima na majadiliano marefu kuliko yalivyostahili.

Palikuwa pia na sanduku la zamani la kuhifadhia data, ambalo kila tulipojaribu kulipachika lilitujibu kwa kosa namba 112, kwa Kiingereza, kwamba mashine imezima. Taa zake zilikuwa zinameremeta mbele yetu. Ukweli ni kwamba sanduku lile linazungumza toleo la kwanza la itifaki ya SMB pekee, na Linux tangu kiini chake namba 4.13 cha mwaka 2017 haianzi tena kwa toleo hilo. Ushauri unaopatikana kirahisi mtandaoni ni kuilazimisha kwa "vers=1.0". Tulikataa. Mwaka huohuo wa 2017 kirusi cha WannaCry kilisambaa kwa kupitia udhaifu uliokuwa katika toleo hilo upande wa Windows, kikavuruga hata hospitali za Uingereza. Tulilifungua sanduku, tukachomoa diski, tukanakili vilivyomo, likastaafu.

Kijana aliyekuwa ananisaidia aliuliza kwa nini mashine iseme imezima hali iko hai, tena kwa lugha ambayo nusu ya ofisi inaisoma kwa kubahatisha. Nikamkumbusha kwamba mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili, na kwamba wakati ule wengi wetu tuliamini ujumbe wa makosa nao ungefuata. Haukufuata. Hilo ni deni letu, tunaofundisha kwa Kiingereza kisha tunalaumu wanafunzi kwa kutoelewa.

Wapo wanaoniuliza kwa nini tusiachane na seva za chumbani, tukaweka kila kitu kwa makampuni ya ng'ambo. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na nchi nzima ikaonja ukimya. Siku ile mtu mwenye mafaili yake katika jengo lake aliweza kuyafungua na kuendelea na kazi. Sheria yetu ya kumbukumbu na nyaraka ya mwaka 2002 inazitambua kumbukumbu za umma kuwa kitu cha kutunzwa kwa utaratibu, na utaratibu huanza na kujua kitu kiko wapi. Katika idara ile, aliyejua "fstab" imeandikwaje alikuwa mtu mmoja, naye alihama zamani. Tulichokifanya ni cha kizamani kabisa: tulichapa faili lile kwenye karatasi, tukaandika pembeni maana ya kila neno kwa Kiswahili, tukalifungulia jalada masijala. Mchwa wa Dodoma wanajulikana, kwa hiyo nakala ya pili ipo kwenye kabati la chuma.

Rasimu ya barua ya kujieleza haikupelekwa. Wala hakuna aliyemwendea binti yule kumwomba radhi kwa yale ya koridoni, ingawa nimelisema mara mbili kikaoni na nitalisema tena mwezi ujao. Yeye ameendelea na kazi. Kati ya rekodi 41, 37 zimekwisha kusikilizwa na kuandikwa. Nne zina msemaji anayetumia maneno ya Kigogo ambayo hakuna kati yetu anayeyajua, na Jumatatu ataondoka nazo kwenda Bahi kumtafuta mtu wa kuzitafsiri.