Nyaya Nne Ndani ya Waya Mmoja

Ninafundisha katika shule ya sekondari ya kata, mkoani Iringa. Nilipoanza kumiliki simu janja, nyumba niliyopewa haikuwa na umeme, na kijiji kizima kilitegemea duka moja lenye sola lililochaji simu kwa malipo. Ukichelewa asubuhi unakuta foleni, na jioni unarudishiwa simu iliyojaa nusu. Anayeishi hivyo huutazama umeme kwa jicho la njaa. Kila nilipoingia mjini kuchapisha mitihani, kitu cha kwanza nilichotafuta kilikuwa tundu la USB kwenye kompyuta ya steshenari. Mwenye steshenari hakunitoza, nami nilimshukuru Mungu kwa umeme ule wa bure.

Huenda wewe unayesoma uko pale pale nilipokuwa. Simu imebaki na asilimia chache, nyumbani ni mbali, na mbele yako kuna kompyuta inayowaka. Najua inavyokuwa.

Sikuwahi kujiuliza ni nini kingine kinachopita kwenye ule waya. Kila nilipochomeka, kioo kiliniuliza kama naruhusu kompyuta ifungue hifadhi ya simu, nikabonyeza ndiyo ili ujumbe uondoke. Simu nyingi za enzi zile zikikubaliwa hivyo ziliikabidhi memori kadi yote kwa kompyuta, nayo ikaiona kama flashi yoyote. Na pale steshenari flashi za watu ziliingia na kutoka tangu asubuhi, zenye barua za maombi ya kazi, vyeti, kadi za mwaliko wa harusi. Kadi yangu ilikaa wazi katikati ya zote hizo kwa saa nyingi.

Ndani ya kadi ile ilikuwamo sauti ya baba yangu. Nilimrekodi katika miezi yake ya mwisho, akisimulia ukoo wetu ulikotoka na nani alimzaa nani. Zilikuwamo pia picha zake akiwa ameketi barazani na wajukuu. Alifariki kabla sijanakili chochote mahali pengine.

Baada ya safari moja ya mitihani niliichomeka kadi kwenye kompyuta mpakato ya shule. Mafolda yote yalikuwa yamegeuka shotikati, kila moja lina kilobaiti chache tu. Nilibofya moja, nikabofya jingine. Kompyuta ikanijibu kwamba haioni inachotafuta. Nilikaa ofisini mpaka giza likaingia. Moyoni nilimlaumu mwenye steshenari, nikawalaumu wanaotengeneza virusi, nikamlaumu hata mume wangu kwa kutonikumbusha kunakili. Kidole changu mwenyewe, kilichobonyeza ndiyo kila safari, sikukiona.

Mwalimu mwenzangu alinishauri niiformati kadi, angalau nibaki na kadi. Nilikuwa tayari kufanya hivyo. Kilichonizuia ni zamu ya kusimamia mitihani tu, na leo naihesabu zamu ile kuwa rehema, maana sikuwa na busara yoyote ya kujizuia.

Jumamosi nilikwenda kwa fundi simu, kijana mwenye kibanda karibu na stendi.

"Shikamoo, mwalimu."

Marahaba yangu ilitoka kwa shida. Nilimweleza yaliyonipata.

"Umeshaiformati?"

"Bado."

"Basi usiwe na wasiwasi sana. Virusi hivi mara nyingi havifuti, vinaficha."

Akafungua kioo cheusi kwenye kompyuta yake, akaandika amri fupi. Mafolda yakajitokeza. Akabofya faili moja kuhakikisha, na baba akasikika mle kibandani akilitaja jina la babu yake. Nililia mbele ya wateja wake. Nilipofungua pochi akakataa katakata. "Mwalimu, kaa kidogo nikuelekeze, halafu ukawaelekeze wenzako. Hayo ndiyo malipo yangu." Sikuwa nimemtendea wema wowote kijana yule. Hata jina langu hakulijua.

Alichukua waya wa zamani, akauchana. Ndani mlikuwa na nyaya nne. Nyekundu na nyeusi, akasema, zinabeba umeme. Nyeupe na kijani zinabeba data. Kwenye chaja ya ukutani zile mbili za data hazina faili za kusoma wala za kupeleka. Kwenye kompyuta zinakuta mwenzao wa kuzungumza naye. Akanieleza pia kwa nini nilikuwa nakaa pale muda mrefu vile. Kwa kanuni, tundu la kawaida la USB 2.0 hutoa volti 5 na miliampia 500, yaani wati 2.5. Lile la USB 3.0, ambalo mara nyingi ndani ni la bluu, hutoa miliampia 900. Chaja ya ukutani ya ampia 2 ina nguvu mara nne ya lile la kwanza. Nilikuwa naacha mali yangu yote wazi asubuhi nzima kwa sababu ya umeme mdogo kiasi hicho.

Ningependa kusema nilibadilika siku ile. Sikubadilika. Chaja nilinunua, lakini mara nyingi soketi za steshenari zilikuwa zimejaa, na kumwomba mtu achomoe yake niliona aibu. Nilirudi kwenye tundu la kompyuta nikijua kabisa ninachofanya, na kujua kulinitesa kuliko kutojua. Kilichonisaidia ni pawa benki. Kompyuta inaichaji yenyewe, kisha pawa benki inaichaji simu, na zile nyaya mbili za data hazipati cha kusoma. Wapo wanaonunua waya wa kuchajia tu, usio na njia ya data, nao unatosha.

Simu nazo zimetuhurumia. Tangu toleo la 6 la Android, mwaka 2015, simu ikichomekwa huanza kwa kuchaji tu mpaka wewe uruhusu zaidi. iPhone tangu iOS 7, mwaka 2013, huuliza kama unaiamini kompyuta ile. Jibu hapana, na chaji itaendelea kuingia. Mimi hufunga kioo kwa namba ya siri kabla ya kuchomeka, na nimehakikisha ile sehemu ya wasanidi programu inayoruhusu utatuzi kupitia USB imezimwa. Fundi anaweza kuiwasha akitengeneza simu na kusahau kuizima, kwa hiyo kagua yako.

Aprili 2023 ofisi ya FBI ya Denver, Marekani, iliwaonya watu waziepuke chaja za bure za viwanja vya ndege, hoteli na maduka makubwa, wabebe chaja na waya wao. Nilipoisoma habari ile nilimkumbuka kijana wa stendi, aliyeniambia jambo hilo hilo miaka mingi nyuma bila kunidai shilingi.

Sasa shule yetu ina umeme, nami ninatunza kompyuta mpakato ya idara. Walimu wenzangu huja na nyaya zao. Nawaonyesha soketi ya ukutani kwanza. Ikibidi watumie kompyuta, naomba simu iwe imefungwa, nawaambia wasiilaze juu ya kompyuta inakotoka hewa ya moto, maana betri ya lithiamu huchakaa haraka kwenye joto, na naiacha kompyuta ikiwa kwenye umeme wake, la sivyo simu inanyonya betri ya mwenzake.

Na kama leo umefungua kadi ukakuta shotikati tupu, usiformati. Usizibofye. Ichomoe, ipeleke kwa mtu anayejua, umwambie hujafuta kitu. Huenda vitu vyako bado vimo humo.