Adhuhuri Moja Lamu

Tulikwenda Lamu wajumbe watatu wa kamati, tukiwa na deni la umeme vichwani. Msikiti wetu, tulioujenga upya kwa vioo na mabati, hauswaliki adhuhuri bila viyoyozi. Baadhi ya wazee wameacha kuja Ijumaa kwa sababu ya joto.

Vichochoro vya mji ule wa kale, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, ni vyembamba, na kuta za pande mbili huvitia kivuli. Mwenyeji wetu alitupokea dakani, kisha akatuingiza ndani. Jua la saa saba tuliliacha mlangoni! Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene karibu dhiraa moja, nazo huchelewa kupata moto. Madirisha ya njiani ni machache. Nyumba hupumua kupitia kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu: hewa ya moto hupanda ikatoka, ya baridi ikavutwa vyumbani. Vyumba ni virefu na vyembamba, wala si kwa urembo. Boriti za mikoko hazifiki mbali.

Tulinyamaza. Msikiti wetu wa zamani ulikuwa na kuta kama hizo, na ni sisi tuliopitisha ubomolewe.

Jumapili tutawaomba waumini ruhusa ya kutoboa matundu ya hewa juu ya kuta, kuweka dari chini ya mabati, na kujenga baraza upande wa magharibi, unaochomwa na jua la alasiri. Wazee wale tumewaalika wao kwanza.