Ile Video ya Tairi ya Dakika 12: Kuna Kitu Sikuwaambia

Kati ya video zangu zote, ile ya fundi akibadilisha tairi ya nduthi kwa dakika 12 ndiyo mmeitazama zaidi. Hadi leo mnatumiana. Sasa wacha niwaambie kilichotokea baada ya mimi kuzima kamera.

Siku nne baadaye nilikuwa natoka Karatina na mathe nyuma, amepakata mfuko wa waru. Tulikuwa karibu kufika Marua, kwenye ile barabara pana ya njia mbili ambayo kila msee akiingia anasahau ana breki. Nikahisi mkia wa nduthi unacheza. Kwanza nikadhani ni upepo wa lori lililotupita. Ukacheza tena, safari hii kwa nguvu. Nikaachilia mafuta taratibu, nikaogopa hata kugusa breki ya nyuma, tukaishia kwenye nyasi kando ya barabara. Hatukuanguka.

Mathe huniita "baba", kwa sababu nimepewa jina la babake. Alishuka polepole, akakalia mfuko wake wa waru, akasema, "Baba, mimi nitapanda matatu." Hakunigombeza. Heri angenigombeza.

Nilisukuma nduthi hadi stage iliyokuwa karibu. Mzee mmoja fundi akafungua gurudumu, akatoa tyubu, akaigeuza kwenye mwanga. Kulikuwa na mikato miwili midogo iliyokaa sambamba, kama nyoka ameuma. "Hii si msumari," akasema. "Hii ni leva. Aliyefunga hii tairi alibana tyubu."

Usiku huo nikatazama video yangu tena. Dakika ya saba iko pale wazi. Leva inaingia, tyubu imejikunja chini yake, nyeusi juu ya nyeusi, na fundi anavuta. Na nyuma ya kamera kuna sauti ya kijana inasema, "Harakisha mkubwa, tuingie chini ya kumi!" Hiyo sauti ni yangu.

Nilimrudia yule fundi nikiwa na hasira na tyubu mkononi. Aliangalia mikato, akanirudishia soo mbili zangu bila kubishana. Halafu akaniambia, "Lakini kijana, wewe ndiye ulikuwa unahesabu dakika." Nyuma yangu kulikuwa na nduthi tatu zinangoja, na kila mwenye nduthi anajua akikaa pale anapoteza abiria. Sisi wateja tumemfundisha kwamba kazi nzuri ni kazi ya haraka. Mimi nikaongeza kamera juu yake.

Ndipo nikaamua nitajifunza kuifanya mwenyewe, nyumbani. Mara ya kwanza ilinichukua saa tatu, na haya ndiyo niliyojifunza.

Baridi ni adui. Nilianza Julai, na mnajua Nyeri ya Julai, manyunyu na ukungu hadi saa sita. Raba ikiwa baridi inakuwa ngumu kama mbao. Leta tairi mpya ndani ya nyumba usiku, ama ingoje jua. Soma ubavu wake pia. Tairi nyingi zina nambari nne mwishoni mwa maandishi ya DOT: 1823 ni wiki ya 18 ya mwaka 2023. Tairi inaweza kuwa mpya dukani na ni mzee.

Toa upepo wote, hadi kile kichuma kidogo cha ndani ya valvu kitoke. Ukingo wa tairi ukikataa kuachana na rimu, usiupige nyundo. Laza gurudumu chini, kandamiza tairi kwa stendi ya pembeni ya nduthi nyingine. Pakaa maji ya sabuni. Usitumie mafuta ya injini, yanaharibu raba.

Siri kubwa iko katikati ya rimu. Pale kuna bonde. Ukisukuma ukingo wa tairi uingie kwenye hilo bonde upande mmoja, upande wa pili unalegea, na leva inainuka kwa mkono mmoja. Ukijikuta unavuta kwa nguvu zako zote, simama. Kuna mahali tairi haijaingia bondeni. Mimi nilivunja leva moja kabla niamini hili.

Wakati wa kurudisha, tia tyubu upepo kidogo tu ishike umbo lake, isijikunje. Hakikisha ule utepe wa raba umefunika vichwa vya spoki. Angalia mshale wa ubavuni, unaonyesha tairi inazunguka kuelekea wapi. Kama kuna nukta ya rangi, iweke karibu na valvu, kwa sababu mara nyingi nukta hiyo inaonyesha upande mwepesi wa tairi. Chukua kidogo kidogo na leva, malizia kwenye valvu, na kila mara chungulia: tyubu iko wapi? Hilo swali ndilo tuliloruka dakika ya saba.

Nilipomaliza ya nyuma, nikabadilisha ya mbele pia. Nikarudi kwa ile barabara pana peke yangu. Kwa 40 ilikuwa sawa kabisa. Kwa 80 usukani ukaanza kutetemeka, kitu kidogo tu, kama simu inaita mfukoni. Gurudumu lilikuwa halijasawazishwa.

Chuoni, kabla niache, nilifanya hesabu ya vitu vinavyozunguka nikapata alama nzuri, na sikuielewa hadi siku hiyo. Kwa 80, gurudumu la nduthi linazunguka kama mara 12 kila sekunde. Gramu 20 zikizidi upande mmoja, zinavuta kama uzito wa karibu kilo 3, juu, chini, juu, chini. Ukishusha mwendo hadi 40, nguvu hiyo inabaki robo. Ndiyo maana kwa barabara za matope za ndani ya Othaya huwezi kujua. Barabara nzuri ndiyo inakufichulia.

Kusawazisha hakuhitaji mashine. Nilichukua stuli mbili za jikoni za mathe, zinazolingana urefu. Nikapitisha ekseli kwenye gurudumu la mbele, nikalaza ncha zake juu ya stuli, gurudumu likaning'inia katikati. Hakikisha beringi ni safi na hakuna kitu kinachogusa. Zungusha kidogo kisha uache. Upande mzito utashuka chini wenyewe. Weka alama ya chaki juu kabisa, upande mwepesi. Pale juu zungushia spoki waya wa risasi wa kuchomelea, ama bandika vile vyuma vya gramu 5 wanavyotumia kwa magurudumu ya magari. Zungusha tena. Ongeza, punguza. Siku gurudumu litakaa popote utakapoliachia bila kurudi nyuma, umemaliza. Yangu ilitaka gramu 25.

Sasa msinielewe vibaya. Sisemi muwanyime mafundi kazi. Mimi bado nampelekea yule yule pancha nikiwa mjini, na siku hizi nakaa kwenye kibao chake nimeweka simu mfukoni. Ninachosema ni kwamba kama unabeba mtu nyuma, toa gurudumu lako walau mara moja maishani kwa mikono yako. Ukishajua tyubu inabanwa vipi, hutawahi tena kumwambia fundi aharakishe.

Mathe hajapanda nduthi yangu tangu siku ile. Simlazimishi. Lakini nilipokuwa nasawazisha alitoka kuulizia stuli zake, akasimama akatazama. Akasogeza gurudumu kwa kidole kimoja. Likazunguka kidogo, likasimama, halikurudi. Akasogeza tena. "Hata halina mahali linapenda," akasema, akarudi jikoni.

Ile video sitaifuta. Nimebadilisha tu maneno yaliyo juu yake. Kama ulishaitazama, itazame tena, na safari hii usiangalie saa. Angalia dakika ya saba.