Magogoni hadi Kigamboni: Ofisi yangu inaelea majini

Mpenzi msomaji, kuna watu wakisema wamesafiri wana maana wamepanda ndege. Wengine wamekaa kwenye basi la Mwanza mpaka miguu ikavimba. Mimi safari yangu ni ya shilingi 200 tu, haimalizi dakika kumi, na nikishuka ng'ambo bado naiona Dar es Salaam imekaa palepale nilipoiacha. Usinicheke! Mimi ni mtunzi wa hadithi za mapenzi zenye "itaendelea" mwishoni, na katika ule mkono wa bahari kati ya Magogoni na Kigamboni nimevuna stori nyingi kuliko ambazo ningevuna kwa kuizunguka dunia nzima.

Kwa asiyepajua, hapo Magogoni harufu ndiyo inayokukaribisha kwanza. Soko la Samaki la Feri liko puani, wapara samaki wanarusha magamba, akina mama wamepanga vibua vya kukaanga kwenye sinia, na kuna jamaa wa supu ya pweza ambaye wateja wake wote ni wanaume na wote wanakunywa kimyakimya kama wanaotoa siri. Ukitupa macho kidogo unaiona Ikulu ya Dar. Yaani Rais akiwepo na muuza pweza wanavuta upepo mmoja. Sehemu gani nyingine ya mji huu utapata hiyo?

Sasa utauliza, kwa nini usiandikie nyumbani kama watu? Nyumbani gani, ndugu yangu? Mimi nimepanga chumba uswahilini, nyumba ina wapangaji saba na redio nane. Nikiandika "alimwangalia kwa macho malegevu", jirani anagonga ukuta kuulizia hela ya umeme. Nikiandika "akamkumbatia", mtoto wa chumba cha pili anaanza kulia kana kwamba amekumbatiwa yeye. Na mzee mwenye nyumba kila akinikuta kibarazani na daftari saa nne asubuhi ananiuliza swali lilelile: "Kijana, leo tena huendi kazini?" Nikimjibu kwamba hii ndiyo kazi, anatikisa kichwa na kuniombea dua.

Basi ndiyo nikahamia kwenye pantoni. Pale hakuna anayekuuliza kazi yako, kwa sababu kila mtu ana haraka. Watu wanajazana kwenye banda la kusubiria, geti likifunguliwa wanatoka mbio kama vile ng'ambo kuna nyama ya bure. Wanaingia wanafunzi, wanaingia wafanyakazi wenye mashati yaliyopigwa pasi, mikokoteni, bodaboda, bajaji, magari ya wakubwa yamepandisha vioo, na dada wa karanga anayepita katikati ya wote bila kumkanyaga hata mmoja. Chombo kikishang'oa tu, miguu inatulia na midomo inaanza. Hapo ndipo ninapofungua daftari.

Siku moja nimesimama karibu na bibie mmoja, mrembo si mchezo, anaongea na simu kwa sauti ya asali: "Baby, niko kwenye foleni Ubungo, hapa magari hayatembei kabisa." Hajamaliza sentensi, pantoni ikapiga honi. Honi ya pantoni, msomaji, haifanani na ya daladala hata kidogo! Abiria wote tukamgeukia. Bibie hakutetereka, akasema: "Umesikia hilo lori linavyopiga makelele?" Jamani! Mimi shule nimeishia kidato cha nne, lakini hilo jibu hata profesa hawezi kulitunga. Lilikwenda moja kwa moja kwenye sehemu ya 14 ya hadithi yangu, na wasomaji wakaniandikia kwamba nina kipaji. Kipaji cha kusimama karibu na watu, labda.

Hilo ndilo jambo la kwanza nililojifunza majini: mazungumzo ya kweli ni mafupi, na yana uongo ndani yake. La pili ni kwamba hadithi ya kila wiki inatakiwa iende kama pantoni. Iondoke kabla abiria hajachoka kusubiri, katikati kuwe na maji mengi asiweze kurudi nyuma, na mlango ufunguke wakati yeye bado anataka kujua yule wa pembeni alikuwa anamwambia nini mwenzake.

Waliotutangulia walilijua hilo vizuri. Marehemu Elvis Musiba alimtoa Willy Gamba wake mwaka 1974 katika "Kufa na Kupona", na vijana wa wakati huo wakataka kuvaa na kutembea kama mpelelezi. Marehemu Ben Mtobwa akaja na Joram Kiango, na mji huu akauandikia kitabu kizima, "Dar es Salaam Usiku". Nakala zao zilizochoka bado unazikuta kwa wauza vitabu vya mitumba, nyingine hazina jalada, nyingine zimekatika ukurasa ule ule ambao muuaji anatajwa. Ukimuuliza muuzaji anakwambia, "Kaka, malizia mwenyewe kichwani." Na wengi wetu tulianza utunzi namna hiyo!

Siku hizi mambo yako kwenye simu. Msomaji anatumiwa sehemu mbili za bure WhatsApp, akinogewa analipia zilizobaki. Ni biashara nzuri isipokuwa mmoja akinunua, anawatumia shoga zake ishirini, na wote ishirini wanakuja kukulalamikia kwamba umechelewesha. Na wahariri nao? Kuna mmoja, gazeti lake silitaji, malipo yake nayo yana "itaendelea".

Ila heshima imeanza kurudi kidogo. Mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipopata Nobel ya Fasihi, hata mzee mwenye nyumba wangu aliniita akaniuliza kama huyo tunafahamiana. Tangu 2023 tunayo pia Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, na mshindi wa kwanza huondoka na shilingi milioni 10. Milioni kumi! Nilipomtajia mchumba wangu hiyo hela, ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuniambia, "Baba, ukaandike."

Na hapo sasa ndipo penye kesi. Mchumba wangu anakaa ng'ambo, mitaa ya Kibada, na hapendi pantoni hata chembe. Yeye anataka tupite Daraja la Nyerere, lile la Kurasini lililofunguliwa 2016, mita 680, unapita upepo. Nikamwambia, mpenzi, darajani gari linapita mbio, nani atapata muda wa kugombana nikamsikia? Akanijibu, "Kwa hiyo wewe unatafuta ugomvi?" Tukanuniana siku mbili kwa sababu ya daraja la Serikali.

Kubwa zaidi ni yule msichana wa hadithi yangu. Jina lake silitaji maana limeshaniletea maneno ya kutosha. Mchumba anaamini ni mtu kweli, tena anakaa Sinza. Kila nikiandika kwamba macho yake yanameremeta, naulizwa umeyaona wapi. Nikiandika kwamba wa kwangu ndiye aliyenipa hayo macho, naambiwa sasa unanianika magazetini. Sasa niandike macho ya nani, ya kibua?

Mwezi uliopita nikatuma washenga. Mjomba wangu na rafiki yake walivuka na pantoni, kanzu safi, barua ya posa mfukoni. Baba wa binti akawakaribisha, akawapa juisi ya ukwaju, akauliza: "Kijana anafanya kazi gani?" Mjomba akajikohoza, akasema naandika hadithi. Mzee akanyamaza. Halafu akasema, "Mtu anayetunga uongo kila wiki, binti yangu atajuaje siku akisema kweli?" Washenga wakarudi na barua yao, imepata na doa la ukwaju.

Sikulala, msomaji. Miaka mitatu ya mapenzi si hadithi ya kufuta na kuanza upya. Lakini wiki iliyofuata simu ikaja kwa mjomba, mzee huyohuyo. Hakugusia posa. Alitaka kujua kitu kimoja tu: yule binti wa hadithini, aliyeachwa amelazwa hospitali, atapona au hatapona? Kumbe gazeti linaingia nyumbani kila wiki, mama anasoma kwa sauti, na mzee anajifanya anasikiliza taarifa ya habari!

Sasa nipo njia panda. Mhariri anataka binti afe, anasema kifo kinauza. Mzee anataka apone. Na mchumba, ambaye ndiye mwenye kesi yenyewe, ameniambia kwa upole kabisa: "Akipona sawa, lakini ahame Sinza."

Nimeshaamua. Binti atapona, atahamia Kigamboni, na atakwenda huko kwa pantoni. Mhariri asiponielewa, basi. Washenga wanavuka tena Jumamosi, na safari hii mjomba ameambiwa asiseme naandika hadithi. Aseme tu mimi ndiye yule niliyemponya binti. Mwenye dua aniombee.