Mteremko Baada ya Karmeli

Vijana wa kanisa letu wanajua ninavyopenda baiskeli za milimani, kwa hivyo leo mnivumilie.

Kuna aina yenye shokabsoba ndefu: gurudumu la mbele linaweza kubonyea milimita 160, la nyuma 150. Ipeleke Ngong uone. Kwenye kupanda utalalamika. Ina kilo 15 hivi, na kila ukikanyaga pedeli kwa nguvu inabonyea, sehemu ya jasho lako inaishia kwenye springi. Penye mwinuko mkali gurudumu la mbele linatangatanga, mpaka usogee kwenye ncha ya kiti. Unaweka gia nyepesi, unapanda polepole, na mwenye baiskeli nyepesi anakupita akikupungia mkono. (Mpungie pia. Mtaonana mkianza kushuka.)

Kwenye kushuka ndipo utaelewa mbona ikaundwa hivyo. Unabonyeza swichi kwenye usukani, kiti kinashuka sentimita 15 au zaidi, nawe unainama. Gurudumu la mbele, kwa kuwa limesogezwa mbele zaidi, linakabili mawe bila kukurusha juu ya usukani. Kisha kuna hili: shokabsoba hupimwa ili ukiikalia tu, kabla ya jiwe lolote, izame karibu asilimia 30. Ukiikaza isizame kabisa, gurudumu halina nafasi ya kufuata shimo. Linaruka.

Sisi Wapentekoste tunajua kuombea wanaopanda. Kesha, mifungo ya siku 21, tuko hapo. Anayeteremka anaombewa na nani?

Mama mmoja wetu (nasimulia kwa ruhusa yake) aliombea kazi ya mwanawe miaka minne. Ikapatikana. Ushuhuda, vigelegele. Wiki mbili baadaye akanipigia simu: "Pasta, siwezi kutoka kitandani. Hata sijui nalia nini." Kuna waliokuwa wameanza kunong'ona kwamba hana shukrani. Maneno hayo siyapendi hata kidogo.

Soma 1 Wafalme 18, na usiishie hapo, ingia 19. Moto umeshuka Karmeli, mvua imenyesha, Eliya amepiga mbio mbele ya Ahabu hadi Yezreeli. Ujumbe mmoja tu kutoka kwa Yezebeli, na mtumishi yuko jangwani chini ya mretemu akiomba afe. Malaika hakumkemea, wala hakumkumbusha ule moto. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena.

Basi nilimwambia mama ale, alale, na Jumapili asiitwe mbele kwa lolote. Dada wawili wanampelekea uji na kukaa naye. Ijumaa wanampeleka kwa daktari.

Kama nawe umepokea ulichoomba na sasa umeishiwa nguvu, nitumie jina lako kwa faragha. Jumatano usiku tunaombea wanaoteremka.